Benzi la mzee lisiuzwe kwa kilo

SIMAMA Jumamosi adhuhuri pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, jijini Nairobi, utazame misafara ya harusi ikipita kuelekea bustani za Karen na Lang'ata. Zamani gari la bibi harusi lilikuwa sharti liwe jipya, na kadiri lilivyong'ara upya wake ndivyo mashangazi walivyozidisha vigelegele. Siku hizi mambo yamegeuka. Mara kwa mara gari linalotangulia, lenye utepe kwenye boneti, ni Mercedes-Benz ya miaka ya sabini au themanini, nyota yake ya ncha tatu imesimama wima kama mlinzi wa ikulu. Bwana na bibi harusi walioketi ndani hawakuwa wamezaliwa gari hilo lilipotoka kiwandani Sindelfingen, Ujerumani.

Ni ajabu kidogo, msomaji, kwa sababu gari lilo hilo halikuwa la kupambwa utepe wakati baba zao walipokuwa vijana. Lilikuwa la kupishwa. Lilipopita kando ya kituo cha basi, watu waliokuwa kwenye foleni tangu alfajiri waligeuza shingo kulitazama, wengine kwa kutamani, wengine kwa uchungu, na wengi kwa yote mawili.

Leo nataka tuzungumze juu ya hayo mabenzi makuukuu: yalifikaje hapa, kwa nini yanatafutwa, na hasa yale yaliyolala nyuma ya nyumba zetu yakisubiri lori la chuma chakavu. Huenda moja liko kwenu.

Wabenzi

Tuanze na jina, kwa sababu jina hilo ni mali yetu. Mjerumani aliunda gari, lakini neno Wabenzi tuliliunda sisi wenyewe Afrika Mashariki, miaka ya mwanzo ya uhuru. Tulichukua kiambishi cha makabila tukakibandika kwenye chapa ya gari, basi likapatikana kabila jipya lisilo na mto wala mlima wa asili, ambalo wazee wake walijulikana kwa gari walilopanda. Neno hilo likavuka bahari, na hata katika vitabu vya Kiingereza kuhusu Afrika utalikuta.

Rais wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta, alikuwa mmoja wa viongozi wa dunia waliotumia Mercedes 600, gari kubwa lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, mwaka ule ule tuliopata uhuru. Wenye umri wanamkumbuka akisimama ndani ya gari lililofunguliwa paa, usinga mkononi. Gari la 600 lilikuwa na injini ya lita 6.3 yenye silinda 8, na vioo, viti na hata kifuniko cha buti viliendeshwa kwa nguvu ya mafuta yaliyobanwa kwenye mirija, kimya kimya, bila mota ya umeme kusikika. Kioo kikipanda, usiweke kidole. Mpaka mwaka 1981 kiwanda kilikuwa kimetengeneza 2,677 tu, na orodha ya wenyewe ilimchanganya Tito wa Yugoslavia na Elvis Presley.

Basi raia alipomwona waziri, kisha katibu wa wizara, kisha mwenyekiti wa shirika la serikali, kila mmoja na Mercedes yake, hakuhitaji kuelezwa utawala uko wapi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliona hilo mapema: katika mkusanyo wake wa hadithi fupi wa mwaka 1975, Secret Lives, mojawapo ya hadithi inaitwa "A Mercedes Funeral". Hasira ya wananchi ilikuwa na sababu. Gari moja la namna hiyo lingeweza kujenga madarasa, na hakuna nyota iliyosimama kwenye boneti inayoweza kulificha jambo hilo.

Serikali yenyewe ilikuja kuona haya, ingawa kwa kuchelewa. Mnamo Juni 2009, Uhuru Kenyatta, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza katika hotuba ya bajeti kwamba wakubwa wa serikali watatumia magari yenye injini isiyozidi lita 1.8. Zikanunuliwa Volkswagen Passat, na mawaziri wakatakiwa kurudisha magari makubwa. Walionung'unika walikuwa wengi kuliko waliorudisha haraka. Hata hivyo, mkumbuke kwamba hata Passat ni ya Mjerumani.

Matope ya Safari

Lakini si kweli kwamba Mercedes ilipendwa hapa kwa ajili ya majivuno peke yake. Kabla ya Wabenzi kulikuwa na matope.

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Magari yaliyoshindana yalikuwa yale yale ya dukani, na barabara zilikuwa zile zile za kwenda soko la mahindi, Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1959 mshindi alikuwa Bill Fritschy na mwenzake Jack Ellis, wakiendesha Mercedes 219, saluni ya kawaida ya milango minne. Mwaka 1960 wakashinda tena na gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1961 John Manussis na wenzake wakashinda na Mercedes 220SE. Miaka mitatu mfululizo, saluni ya kifahari ikayashinda mashimo, vumbi na mito iliyofurika.

Fikiria jambo hilo lilivyomwingia akilini mkulima wa chai wa Kericho au daktari wa Nakuru. Hapo alijua kuwa gari hili linalokaa kama sebule linaweza kumfikisha nyumbani mwezi wa nne. Kampuni ya D.T. Dobie, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1949 na kuuza Mercedes kwa miongo mingi, haikuhitaji kuhubiri sana baada ya hapo.

Ile 220SE ya mwaka 1961 ilikuwa na mabawa madogo nyuma, kama mkia wa samaki. Kilichofichwa chini ya bati lake kilikuwa na maana zaidi: ilikuwa katika ukoo wa kwanza wa magari, uliotoka mwaka 1959, kuundwa kwa namna ambayo pua na mkia vinakunjamana gari linapogonga, huku chumba cha abiria kikibaki kigumu. Leo kila gari liko hivyo. Breki zisizonata gurudumu zikaja kwenye saluni kubwa ya Mercedes mwaka 1978, na mfuko wa hewa wa kumkinga dereva ukaja mwaka 1981. Anayesema gari hilo lilikuwa la ulimbwende tu, basi amwulize mtu aliyewahi kutolewa mzima ndani ya moja lililopinduka.

Lipi linatafutwa?

Ukizungumza na watunzaji wa magari haya utawasikia wakitaja namba za kiwanda kama watu wanaotaja koo: mia moja ishirini na tatu, mia moja ishirini na nne, mia moja ishirini na sita. Mgeni atadhani ni njia za matatu. Nitakutajia mbili tatu, halafu tuendelee.

Kubwa ni 126, saluni iliyotengenezwa tangu 1979 hadi 1991, kwa majina kama 280SE na 500SE. Mchoro wake ulisimamiwa na Bruno Sacco, Mtaliano aliyefanya kazi Ujerumani na kufariki mwaka 2024. Zilitoka zaidi ya 800,000. Wengi wanasema ndiyo saluni nzuri kuliko zote zilizowahi kuundwa, nami sina ugomvi nao, ila jueni kwamba inakunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani. Ya 124 ilianza mwaka 1984, nayo bado utaiona ikifanya kazi za kila siku Westlands na Hurlingham, haijajua kuwa imezeeka.

Ya moyo wangu ni 123. Ilitoka Januari 1976, ikaendelea hadi mwanzoni mwa 1986, na jumla yake, pamoja na zile za milango miwili na za kubebea mizigo, ilikaribia milioni 2.7. Huko Ujerumani watu walisubiri miaka kupata yao, hata iliyotumika ikauzwa kwa bei ya kukaribia mpya. Hapa kwetu ilikuwa gari la profesa, wakili, meneja wa benki, mkulima wa kahawa aliyepata bei nzuri mwaka 1976 na 1977 baada ya kahawa ya Brazil kuchomwa na baridi kali. Kwa hiyo baadhi ya mabenzi yaliyofika vijijini wakati huo yalinunuliwa kwa jasho la shamba. Si kila Mbenzi alikuwa mwizi, ingawa hadithi zetu hupenda kusema hivyo.

Ile ya dizeli, 240D, ilianza na nguvu za farasi 65 tu, baadaye 72. Ukipanda nayo mlima wa Limuru nyuma ya lori, utapata muda wa kutosha wa kusali rozari. Lakini haifi. Dereva mmoja wa teksi kutoka Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliendesha 240D ya mwaka 1976, iliyoitangulia 123 kidogo tu, mpaka ikafikisha kilomita milioni 4.6. Mwaka 2004 kiwanda kikaichukua kuiweka kwenye makumbusho yake.

Hizi dizeli zina kichekesho chake. Injini huzimwa kwa nguvu ya hewa inayovutwa kupitia mirija myembamba. Mirija ikipasuka, unazima, unatoa ufunguo, unafunga mlango, unaondoka, na gari linabaki likinguruma peke yake mbele ya kanisa. Wenye kulijua hufungua boneti wakabonyeza kijiti kilichoandikwa STOP. Wasiolijua hukimbia kumwita mchungaji.

Hayaji tena

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Nchi jirani na za ng'ambo, mtu akitaka gari la kale huagiza. Kenya, kwa kanuni ya Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS), gari lililotumika halikubaliwi bandarini likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2026, kwa mfano, linalokubaliwa ni lile lililosajiliwa tangu 2019. Tena usukani sharti uwe wa kulia. Kanuni hiyo ina sababu zake nzuri, za moshi na za ajali, lakini matokeo yake kwa habari yetu ni haya: 123 zilizomo nchini ndizo hizo hizo. Moja ikikatwa, haiji nyingine.

Ndiyo maana wakusanyaji wa Nairobi hutazama kwanza namba za gari. Mfumo wa namba zinazoanza na KAA na kumalizikia kwa herufi ulianza mwaka 1989. Gari lenye herufi tatu na tarakimu peke yake, bila herufi ya mwisho, lilikuwa barabarani kabla ya hapo, na hilo ni ushahidi kwamba lilikuja likiwa changa na kuzeekea hapa. Pili huuliza kijitabu cha huduma, kile chenye mihuri ya gereji. Tatu huuliza kama rangi ni ya kiwandani na kama injini ni ile liliyozaliwa nayo. Namba za kale, kijitabu na injini yake yenyewe: hapo utaona mnunuzi anaacha kutabasamu, akijaribu kuficha furaha isije ikapandisha bei.

Ua wa Kileleshwa

Na magari hayo yako wapi? Mengi yako magharibi mwa jiji: Kilimani, Kileleshwa, Lavington, Karen, na nyuma ya makanisa na shule kando ya Barabara ya Ngong. Huko ndiko Wabenzi walikojenga au kupewa nyumba, bangaloo zenye ua mpana na mti wa mwavumo au mparachichi. Mzee akistaafu, gari huendeshwa Jumapili tu. Mzee akiugua, haliendeshwi. Betri inakufa, matairi yanakaa chini, paka wanazaa kwenye kiti cha nyuma, na majani yanaziba mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele mpaka maji yaingie ndani na kutu ianze kula sakafu.

Hapo zamani lingeweza kulala hivyo miaka 20 bila mtu kulisumbua. Sasa haliwezi. Wewe mwenyewe umeona jinsi Kileleshwa na Kilimani zilivyogeuka: palipokuwa na nyumba moja na ua pana jengo la orofa kumi na zaidi. Bangaloo ikiuzwa kwa mjenzi, jambo la kwanza ni kusafisha uwanja, na gari lisilo na pumzi huhesabiwa pamoja na mabati na miti. Lori linakuja, msumeno unanguruma, na chuma kinapimwa kwa kilo.

Kwa kilo, msomaji! Gari lililoshinda tope la Safari linauzwa kama sufuria zilizotoboka. Hata kama hulipendi, hata kama jina Wabenzi bado linakutia kichefuchefu, hesabu tu ya pesa inakataa. Mlango mmoja mzima, taa za mbele, kioo cha nyuma, usukani, seti ya vifuniko vya magurudumu: kila kimoja kina mtu anayekitafuta. Nyota yenyewe ya boneti, ile iliyokuwa ikinyofolewa usiku na vijana wa mtaani, ina bei yake.

Tuseme mzee wenu alikuwa mhasibu wa shirika la reli, akanunua Mercedes 200 mwaka 1982 kwa mkopo alioulipa miaka mingi. Amefariki. Mama yuko peke yake, ndugu wawili wako ng'ambo, mmoja yuko Nakuru, na wewe ndiwe uliyebaki karibu. Mwenye lori amekuja na bunda la noti. Mama anasema liondolewe, linamkumbusha. Kaka wa Marekani anapiga simu kusema lisiguswe, atakuja Desemba kulitengeneza, na umemsikia akisema hivyo Desemba ngapi? Jambo hili limewagombanisha ndugu wengi kuliko shamba, kwa sababu shamba lina mipaka lakini gari la baba lina harufu yake.

Ushauri wangu ni kwamba lisiuzwe wiki ya kwanza. Na kisheria haliwezi kuuzwa. Sheria ya Urithi, sura ya 160, inakataza mtu kuchukua, kuuza au kuchezea mali ya marehemu bila kibali cha mahakama, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwanza familia huomba barua za usimamizi wa mirathi. Chifu huandika barua ya kuwataja warithi, ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi 6. Hati ikithibitishwa, msimamizi anaweza kuhamisha umiliki kwenye Mamlaka ya Usafiri na Usalama, NTSA. Aliyenunua gari kuukuu bila kufuata njia hiyo atabaki na logibuku yenye jina la marehemu, na siku akitaka kuliuza au kulikatia bima ataanza kuzunguka mitaa akiwatafuta watoto wa mtu asiyemjua.

Miezi hiyo 6 si ya kupoteza. Lifunikeni kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki huhifadhi unyevu na kuozesha. Liinueni kwenye mawe matairi yasipasuke. Toeni majani kwenye ile mifereji. Kazi ya mchana mmoja, na watoto watafurahi.

Grogan na Dagoretti Corner

Atakayeamua kulifufua aende kwanza Kirinyaga Road, karibu na mto, ambayo wenyeji hawajaacha kuiita Grogan, kwa jina la yule mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Huko vipuri vimepangwa mpaka darini. Kuna vya asili, kuna vya kuiga, na kuna vilivyotoka kwenye gari la jirani yako jana usiku. Nunua kwa risiti, na uwe na kipuri chako kibovu mkononi ukilinganisha.

Kisha kuna mafundi wa jua kali wa Dagoretti Corner na kandokando ya Barabara ya Ngong. Wapo miongoni mwao wazee waliofunzwa wakati magari haya yalipokuwa mapya, wanaojua kurekebisha mfumo wa petroli kwa masikio. Hao wanapungua, na kufa kwa fundi mmoja wa namna hiyo ni hasara kubwa kuliko kukatwa kwa magari matano. Ukimpata, kaa naye, mnunulie chai, mwache afundishe kijana.

Wapo pia wale watakaokuambia njia ya mkato: tia injini ya Toyota. Gari litatembea, sikatai, na kwa mtu anayetaka tu kufika kazini huenda ni jambo la busara. Lakini kwa mkusanyaji limekwisha kufa. Likitolewa injini yake ya asili, hiyo isiuzwe. Ifunike kwa mafuta, iweke stoo, kwani mwanao huenda akaitaka.

Kwa anayenunua, tazama kutu kabla ya kutazama rangi. Katika 123 pita chini ya betri, sehemu za kuingizia jeki, na ukingo wa juu ya magurudumu. Katika 124 za miaka ya mwanzo ya tisini, nyaya za injini zilifunikwa kwa aina ya plastiki ambayo huoza na kumomonyoka kwa joto. Usiguse kitu kabla ya kuzikagua. Na weka akiba, kwa sababu gari kuukuu ni kama mgeni wa heshima, hata akinyamaza anakula. Kampuni nyingi za bima pia husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huo mpaka litathminiwe.

Uwanja wa farasi

Mahali pa kuyaona yakiwa safi ni uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwenye mashindano ya Concours d'Elegance ambayo huandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo na yalianza mwaka 1970. Ndiyo, klabu ya Kitaliano, lakini inayakaribisha yote, na pikipiki pia. Waamuzi hawadanganyiki na rangi. Hutazama injini, buti, viti na sakafu, kisha huinama kutazama chini ya gari, mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kutazama tangu tuliponunua. Utawaona watu na akina mama waliovaa vizuri wamepiga magoti nyasini wakisugua fremu kwa mswaki wa meno.

Usidhani ni pa matajiri pekee. Matajiri wapo, na magari yao ya milango miwili yanameta. Lakini yatazame pia magari ya watu waliotengeneza wenyewe kwa miaka, mshahara baada ya mshahara. Wenye kupenda vumbi kuliko mswaki wana mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanzishwa mwaka 2003 kwa magari ya kale.

Bei, je? Mei 2022 Mercedes moja, 300 SLR ya mwaka 1955, iliuzwa Ujerumani kwa Euro milioni 135, ikawa gari ghali kuliko yote yaliyowahi kuuzwa. Msije mkakimbilia uani! Hilo lilikuwa gari la mbio, moja kati ya mawili. Saluni ya 123 ilitengenezwa kwa mamilioni, na kwa dunia nzima si adimu. Haitakununulia kiwanja Lavington. Itakachokupa ni pesa za harusi za Jumamosi, za wapiga picha na watengeneza filamu, na siku moja, kama umetunza karatasi, mnunuzi anayejua anachonunua. Tanzania wametangulia kwa hili: Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yanaonyesha magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere, na watoto wa shule huyazunguka wakiuliza maswali. Magari ya mhasibu wa reli na mkulima wa kahawa hayana makumbusho ila ua wa nyumba zao.

Basi ukirudi nyumbani leo, chukua tochi na kitambaa. Fungua boneti, safisha ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, utaona namba imechongwa. Zikiwapo herufi WDB mbele, ziruke. Tarakimu tatu za kwanza ni ukoo, 123 au 124 au 126. Tatu zinazofuata ni aina: kwenye 123, ukisoma 123 ni 240D ya dizeli, ukisoma 223 ni 230E ya petroli. Tarakimu ya saba ikiwa 2, liliundwa tangu mwanzo kwa usukani wa kulia. Andika namba yote, ilinganishe na ile iliyo kwenye logibuku, kisha mpigie simu kaka wa Marekani umsomee.